Udongo wa Faili Namba 207

Jumanne ya tarehe tano mwezi wa tatu mwaka 2002, saa nne kasoro robo asubuhi, Anselme Mushagalusa alifungua skrubu nne, akachomoa draivu ya disketi kutoka kwenye kompyuta ya ofisi, akaiinamisha juu ya gazeti kuukuu na kuigonga mara mbili kwa mpini wa bisibisi. Ukamwagika udongo kiasi cha kijiko cha chai. Ulikuwa mweusi, una unyevu, na ndani yake mlikuwa na magamba matatu ya samaki.

"Vumbi tena?" aliuliza Angella bila kuinua macho kutoka kwenye kucha alizokuwa akizipaka rangi. Alikuwa karani wa ofisi hiyo, binti wa Mbarara.

"Haiko vumbi, mademoiselle. Ni udongo."

"Si ni kitu moja?"

Anselme aliona hakuna haja ya kubishana na mtu aliyekulia kwenye sakafu ya saruji. Alichovya pamba kwenye waragi, akaanza kufuta.

Ofisi ilikuwa ya shirika la kutafuta watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia vita. Ilikuwa na vyumba viwili katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, jenereta moja, kompyuta moja, na disketi thelathini na mbili zenye faili za watoto mia tatu na kumi na wawili. Draivu, kile kisanduku cha bati kinachomeza disketi na kuisoma, ilikuwa na vituko vyake. Haikusoma kitu mpaka kompyuta ilazwe ubavu wa kushoto na kuwekewa tofali chini. Springi ya kutemea disketi ilikwisha kufa, kwa hiyo disketi ilivutwa nje kwa spoku ya baiskeli iliyokunjwa ncha. Kila Jumanne kichwa chake kilitaka kufutwa kwa waragi, ambayo Angella aliiandika kuwa ni spiriti, kwa sababu shirika halikuruhusiwa kununua pombe. Anselme, aliyewahi kutengeneza mashine za chapa za kanisa kule Uvira, alivijua vituko hivyo kama mtu anavyovijua vya mama mkwe wake, na alivivumilia vivyo hivyo.

Chanzo cha vituko hivyo kilikuwa uzembe tu. Mwaka 1998 kompyuta ililetwa kutoka Mbarara nyuma ya pikapu bila kufungwa kamba, ikaanguka kwenye kona. Tangu siku hiyo kichwa cha draivu kilitembea pembeni ya njia yake kwa upana wa unywele. Kwa kuwa kiliandika kombo na kusoma kombo, kilijielewa vizuri, lakini hapakuwa na mashine nyingine duniani iliyoweza kusoma kilichoandika. Wakubwa wa Mbarara walijaribu mara mbili wakakuta disketi tupu. Anselme alimweleza hayo mkuu wa ofisi, Bwana Kanyesigye, wiki yake ya kwanza kazini. Alimweleza pia kwamba siku kichwa kikinyooshwa, draivu haitasoma tena hata disketi moja ya nyuma. Bwana Kanyesigye alisema maadamu inafanya kazi, iachwe. Alikuwa mtu mwenye kumbukumbu nzuri.

Udongo ulianza mwaka mmoja baadaye. Angella akifungua faili ya mtoto, draivu ilikoroma, na ikifunguliwa ilikutwa na udongo. Hakim, fundi wa redio na kompyuta mjini Mbarara aliyekuwa akimwazima Anselme vifaa, aliulizwa akasema haoni ajabu. Kichwa kinasoma pembeni, mahali ambapo hakuna mtu aliyeandika, na mahali pasipoandikwa lazima pana kitu. Wakaendelea kunywa chai. Kwa miaka mitatu Anselme aliutupa ule udongo nje ya dirisha, na chini ya dirisha hilo paliota nyanya.

Jumanne hiyo ya magamba ya samaki mkewe Annonciata alikuwa akifagia baraza. Ndiye aliyeajiriwa kufagia hapo, kila Jumatatu na Jumanne. Alipoliona gazeti, akachota udongo kidogo kwa ncha ya kidole na kuuweka ulimini, kama alivyofanya kwa kila shamba kabla ya kupanda maharage, na kama mama yake na bibi yake walivyofanya.

"Hii iko udongo ya pembeni ya mayi," alisema. "Banaparaka samaki pale. Ile faili ya mwisho ilikuwa ya nani?"

Angella alitazama daftari. Ilikuwa ya mvulana aitwaye Néhémie, ambaye mama yake aliishi upande wa Rubondo. Mama huyo alipelekewa habari, akafunga khanga, akalizunguka ziwa la Nakivale siku nne akiuliza kila mahali mitumbwi inapotia nanga. Siku ya nne alimkuta mwanawe amekaa juu ya ndoo, anapara sato. Akamrudisha nyumbani, na Anselme akaletewa samaki wawili.

Basi ikawa hivyo. Kila Jumanne Angella alifungua faili kumi, kwa kufuata namba, maana zikizidi kumi draivu iliziba. Baada ya kila faili Anselme alifungua skrubu, akamwaga, akafuta, akafunga. Annonciata alionja na kusema. Wazazi walisimama nje ya dirisha wakisubiri, na kwenye daftari la ofisi jambo hilo liliandikwa "matengenezo". Kila Jumanne Bwana Kanyesigye alikuwa kwenye mikutano, akirudi jioni na kukuta kompyuta imefutwa inang'aa, akifurahi.

Udongo mwingine ulikuwa wa barabarani, mwingine wa migombani, mwingine una unga wa mashine ya kusaga. Mwingine ulikuwa wa manjano, mkavu, safi, hauna mzizi wala samadi wala jivu. Huo haukuhitaji kuonjwa. Ni udongo wa kina, ule ambao jembe haliufikii, na mkulima yeyote anajua ni kazi gani humfanya mtu achimbe hadi huko. Ulipotoka kwenye faili namba 31, Constantin, aliyekuwa akimtafuta bintiye tangu Tanzania, aliupokea dirishani, akautazama, akavaa kofia yake na kuondoka. Jioni majirani walikwenda kwake wakakaa kilioni. Hakuna aliyemuuliza alijuaje.

Faili namba 112 ilikuwa ya Gasore, mtoto wa Yudita, mjane aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwa Anselme. Ulitoka udongo uliolowa oili chafu, una ganda la ndizi na kipande cha waya.

"Iko muzima," Annonciata alimwambia. "Ni garaji. Lakini garaji ziko mingi, Mama Gasore. Ikisomwa mara ya pili tutajua fasi yenyewe."

Yudita aliuliza mara ya pili ni lini. Akaambiwa ni baada ya faili zote kusomwa mara moja, ndiyo haki kwa wote. Yudita akakubali. Alikuwa mtu wa adabu, na watu wa adabu ndio wanaochelewa kila mahali.

Faili namba 207 ilikuwa ya Mariette, binti wa Anselme na Annonciata. Walitoka Uvira mwaka 1996 vita vilipoingia, wakavuka ziwa, wakakaa kambini Tanzania, kisha wakasikia kwamba Uganda mkimbizi hupewa shamba. Mwezi wa tano mwaka 1998 walifika mto Kagera ili wavukie Kikagate. Mwenye mtumbwi akasema mizigo na mtoto vitangulie, kwa kuwa huo ndio utaratibu wa pale, vyepesi kwanza. Mariette alikuwa na miaka minne. Alikalishwa juu ya furushi, akawapungia mkono. Mtumbwi wa pili ulisukumwa na maji ukaenda kutua chini sana, na wazazi walipoufuata mto kurudi juu kupitia mafunjo, furushi lilikuwepo ufukweni na mtoto hayupo. Watu walisema kuna pikapu imepita kuokota watoto waliokuwa peke yao. Kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui, na akiangua, vifaranga huchukuliwa na mwewe.

Kila mwezi tangu hapo Anselme aliuliza ofisini, na kila mwezi Bwana Kanyesigye alimshika bega na kumwambia, "Bado tunatafuta, mzee. Usichoke kuomba Mungu."

Angeweza kumwomba Angella aanze na namba 207. Hakuomba. Alikuwa shemasi, na macho ya watu wote yalikuwa dirishani. Hiyo ndiyo sababu aliyowaambia watu. Sababu nyingine ni kwamba aliogopa udongo wa manjano, na alikuwa radhi namba 207 ichelewe hata mwaka mzima.

Ilifika tarehe 30 mwezi wa saba. Draivu ilikoroma. Anselme alifungua skrubu tatu, ya nne ikamponyoka mara mbili. Ukatoka udongo mwekundu, umechanganyika na vipande vya tofali lililochomwa, maganda ya kahawa na unywele mmoja wa ng'ombe.

Annonciata aliuweka ulimini akafumba macho.

"Iko muzima," alisema. Akalia kidogo, akajifuta, akaonja tena. "Hii udongo naijuwa."

Alitoka barazani, akateremka ngazi hadi kwenye pikapu ya Bwana Kanyesigye, ambaye siku hiyo, kwa bahati mbaya yake, hakuwa amekwenda mkutanoni. Bwana Kanyesigye aliishi Biharwe, kwenye barabara kuu ya Masaka, ambako alichoma matofali, alikuwa na shamba la kahawa na ng'ombe wanane wenye pembe ndefu. Kila Jumatatu alfajiri alitoka huko kuja Nakivale. Annonciata alifungua mlango wa dereva, akachota udongo kwenye mkeka ambapo mwenye gari huweka viatu, akauonja.

"Njo ile ile," alisema.

Miaka minne alikuwa ameufagia udongo huo kutoka barazani, kila Jumatatu, na kuutupa.

Anselme alimgeukia Angella. Angella hakuuliza anachotaka. Alibonyeza mshale mara saba, hadi safu ya mwisho ya faili, ile ambayo haionekani mpaka itafutwe, ikatokea. Palikuwa na neno moja: Amewekwa. Na tarehe, ya mwezi wa sita 1998.

"Wako arobaini na moja," Angella alisema. "Wamewekwa kwa manyumba ya watu. Mbarara, Biharwe, huko huko. Mimi bosi anasema andika, naandika. Hakuna mtu aliniuliza."

Anselme alimwomba afungue namba 112. Angella akabonyeza mshale mara saba. Amewekwa. Majina ya wenye nyumba yalikuwa kwenye disketi ya thelathini na mbili, ambayo Bwana Kanyesigye alikaa nayo mwenyewe kwenye mtoto wa meza, na kuifunga kwa ufunguo.

Annonciata alikuwa ameshaingia chumba cha pili. "Mutoto wangu iko kwako," alimwambia mkuu wa ofisi.

Bwana Kanyesigye hakushtuka. Alimwita Anselme, akafunga mlango, akawavutia viti wote wawili. Alikuwa mtu wa heshima, mzee wa kanisa, hakupiga kelele kamwe.

"Kaeni. Hakuna shida. Mtoto iko kwangu, iko salama. Anakula, anavaa. Mke wangu, Mama Provia, anampenda, maana anafanya kazi vizuri. Mlitaka nimwache kwa barabara?"

"Sisi tulikuwa tunamutafuta," Anselme alisema.

"Nyinyi mlikuwa mnatafuta, na mimi nilikuwa nalisha."

Alisema kwa upole, kama anayewakumbusha fadhila. Kisha akasema kwamba tarehe ishirini ya mwezi unaofuata wageni watatoka Kampala, pamoja na wazungu wao, kuhamisha orodha yote kwenye mashine mpya. Watasoma kila safu.

"Hii draivu imekusumbua sana, mzee Anselme. Vumbi, waragi, matofali. Itengeneze. Usiharibu kitu, sitaki mtu aharibu mali ya shirika. Nyoosha kichwa, vizuri, kama fundi. Siku mashine inapona, mimi mwenyewe naleta mtoto."

Kuchoma disketi lingekuwa kosa, na mtu angefungwa. Kutengeneza mashine ni kazi halali. Bwana Kanyesigye alikuwa ameyakumbuka maelezo ya mwaka 1998 neno kwa neno.

Siku iliyofuata Anselme alipewa barua ya ruhusa kwenda Mbarara kuazima kwa Hakim disketi ya kupimia kichwa kimepotoka kiasi gani. Hakim aliitoa kwenye kitambaa, akamuuliza kama anajua kwamba akishanyoosha hatasoma tena za zamani. Anselme akasema anajua. Hakim alimtazama, akaifunga tena kitambaa, akampa. Hawakunywa chai.

Badala ya kurudi, Anselme alipanda boda hadi Biharwe. Nyumba hakuwa na haja ya kuiuliza, matofali yalionekana tangu barabarani. Alisimama nje ya ua wa miti. Msichana wa miaka minane, amenyolewa kichwa, alikuwa akifagia uani, amejipinda kama mtu mzima aliyezoea mgongo kuuma. Alikuwa na paji la uso la mama yake Anselme. Alipomwona mtu, akaja hadi kwenye ua akamuuliza kwa Kinyankore anamtafuta nani. Langoni alikaa mlinzi mwenye bunduki, na mkimbizi anayeonekana akitoka na mtoto kwenye nyumba ya mkubwa ana jina moja tu polisi, mwizi wa watoto. Anselme akajibu kwamba amepotea njia. Msichana akamwelekeza barabara kwa adabu, akarudi kwenye ufagio. Anselme alitembea hadi Mbarara kwa miguu, akilia, na madereva wa malori walimpigia honi atoke barabarani.

Kesho yake alasiri alikaa na Annonciata wakipukuchua maharage. Alisema inawezekana kuwasubiri wageni na kuwaambia. Akajijibu mwenyewe kwamba wageni watamuuliza Bwana Kanyesigye, Bwana Kanyesigye atawaambia warudi kesho, na kesho mtoto atakuwa Kampala, au Juba, au popote pikapu inapofika. Akasema inawezekana kukataa. Akajijibu hilo pia. Akasema kuna watoto wengine arobaini waliowekwa, na wengine zaidi ya mia wasiosomwa hata mara moja. Annonciata aliendelea kupukuchua.

"Bengine nabo bako na bamama," Anselme alisema.

"Tengeneza," alisema Annonciata.

Hakuinua uso. Baada ya muda aliinuka akaenda kuchota maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Kazi yenyewe ilifanyika Ijumaa, na Bwana Kanyesigye alivuta kiti akakaa kuangalia. Anselme aliitoa draivu, akaisafisha kwa waragi kwa mara ya mwisho. Akabadilisha springi kwa ile aliyopewa na Hakim, ili disketi iruke yenyewe. Kisha akachukua sindano, na kabla ya kulegeza skrubu inayoshika kichwa, akachora mstari mwembamba juu ya bati, kuanzia kwenye mguu wa mota hadi kwenye fremu. Ndivyo alivyofundishwa na mapadri wa Uvira. Fundi halegezi kitu kabla hajaweka alama ya kilipokuwa, ili akikosea aweze kukirudisha. Kwa alama hiyo, hata baada ya mwaka, mtu mwenye bisibisi angeweza kukipotosha kichwa tena vilevile kilivyokuwa kimepotoka, na disketi zote zingesomeka.

Alichora kwa mazoea. Angalau ndivyo alivyojiambia.

Akalegeza, akasogeza kichwa kidogo kidogo, akiangalia namba za disketi ya kupimia zikishuka hadi sifuri. Akakaza.

"Hiyo mstari ni ya nini?" aliuliza Bwana Kanyesigye.

"Ni alama ya fundi."

"Nilikuwa polisi upande wa magari miaka sita, mzee. Najua alama." Akamsogezea tupa ndogo iliyokuwa mezani. "Futa."

Nje jenereta ilikuwa ikinguruma. Dirishani hapakuwa na mtu, kwa kuwa haikuwa Jumanne. Anselme alishika tupa. Alisugua mara kumi, kumi na moja hivi, hadi bati likawa jeupe na laini. Akapuliza vumbi. Lilikuwa vumbi la bati tu.

Kompyuta ikasimamishwa wima, tofali likatolewa nje. Angella akatia disketi ya kwanza. Draivu haikukoroma, wala haikutikisika. Iliandika kwenye skrini kwamba disketi hii haina kitu, na ikauliza kama mtu angependa kuitayarisha iwe mpya. Ya pili vilevile. Angella alizijaribu zote thelathini na moja, maana aliambiwa ajaribu, kisha akarudi kwenye kiti chake, akakaa amefumbata mikono.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ofisi ilipakwa chokaa, na soda zikaletwa kutoka Mbarara ndani ya barafu. Wageni walisikitika sana kuhusu disketi. Waliandika kwamba kumbukumbu ziliharibiwa na vumbi katika mazingira magumu ya kazi, wakaahidi kwamba uandikishaji utaanza upya bajeti ikipita. Mmoja wao aliigusa draivu, akaitia disketi mpya na kuitoa, akasema hajaona ya zamani inayofanya kazi vizuri hivi. Bwana Kanyesigye akamwonyesha Anselme kwa mkono, wageni wakampigia makofi.

Mariette aliletwa kwa pikapu Jumamosi, kesho yake ya ile kazi, kabla wageni hawajafika, amevaa viatu vikubwa kuliko miguu yake. Bwana Kanyesigye alitimiza ahadi, hilo haliwezi kukanushwa. Alisubiri kidogo kando ya gari. Annonciata alisema asante, kwa kuwa hilo ndilo neno linalotakiwa pale mtu anaporudishiwa kilicho chake. Kisha akamshika binti yake akamnusa shingoni, na mtoto akasimama wima, mikono pembeni, akingoja amalize.

Hakujua Kiswahili cha nyumbani. Alimwita baba yake sebo, na mama yake nyabo, kama anavyoitwa mtu yeyote wa barabarani. Kabla ya jua kuchomoza aliamka akafagia uwanja wao na wa jirani. Chakula kilipotengwa alikwenda kusimama nyuma ya mlango, akasubiri wengine washibe.

Jumanne iliyofuata wazazi walikuja dirishani kama kawaida. Angella aliwaonyesha skrini. Walitazama, wakaulizana, na mmoja akasema mashine imepona. Wengine wakakubali kwamba ndiyo, imepona, kama watu wanavyokubaliana juu ya mgonjwa aliyeondoka hospitali, wakarudi mashambani. Hakuna aliyekasirika, na Anselme alitamani sana mtu mmoja akasirike. Bwana Kanyesigye aliendelea kuja kila Jumatatu. Baada ya mwezi mke wake Provia alipata msichana mwingine.

Kanisa lilifanya ibada ya shukrani kwa ajili ya Mariette. Shemasi anayepata baraka hawezi kukwepa kutoa ushuhuda, kwa hiyo Anselme alisimama mbele, akiwa na suti aliyoazima.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina," waliitikia.

Aliwaambia kwamba Mungu amemrudishia mwanawe. Hakusema kwa njia gani, na hakuna anayedai maelezo kwenye ushuhuda. Kina mama wa faili namba 90, 112, 164 na 231 walipaza sauti kuliko wote. Constantin, aliyepokea udongo wa manjano, alimkumbatia kwa nguvu, akamwambia angalau mmoja amepatikana.

Baadaye watu walikula wali na maharage uani. Mariette alipita katikati yao bila kutumwa na mtu, akikusanya kila sahani iliyokwisha, akizipeleka nyuma ya nyumba kuziosha. Mara mbili Annonciata alimshika mkono akamkalisha. Mara mbili aliinuka.

Yudita alikuja wa mwisho kuaga. Alimshika Anselme mkono kwa mikono yake miwili.

"Nimefurahi sana juu yenu, Baba Mariette. Kweli nimefurahi." Kisha akashusha sauti, kama mtu anayeona aibu kuomba. "Weye njo fundi. Siku ile mashine itaharibika tena, unitumie habari."

Anselme alisema atamtumia. Yudita alimshukuru, akaenda nyuma ya nyumba kuchukua sahani yake, akakuta imeshaoshwa.